Kununua mashine ya gemu ni kununua miaka kumi: uchukue ipi?

Mpwa wangu wa Tandika amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita. Likizo hii nyumba ya bibi yake itajaa: yeye, wadogo zake wawili, na watoto watatu wa mama yake mdogo wanaokuja kutoka Morogoro. Watoto sita kwa televisheni moja, tena ya chogo. Wamechangishana hela ya kununua mashine ya gemu iliyotumika, na juzi akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Tukienda Kariakoo tuchukue ipi? Huku kila mtu anasema enzi yake ndiyo ilikuwa bora."

Nimekaa na swali lake siku mbili, maana ni swali la kweli. Ukiingia duka la vitu vilivyotumika Kariakoo unakuta enzi zote zimepangwa kwenye shelfu moja: kimashine cha kaseti, PlayStation ya kwanza ikiwa una bahati, PS2, PS3, PS4. Kila moja ina gemu zake, na ukishalipa umejifungia humo. Kwa hiyo anayeuliza anunue mashine gani anauliza pia miaka kumi ipi ya gemu ilikuwa bora, na hilo mimi nina msimamo nalo.

Kwanza tukubaliane kuhusu kalenda, kwa sababu gemu huzaliwa mara mbili. Super Mario Bros. ilianza kuuzwa Japani Septemba 1985. Mwaka ule Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Nyumba isiyo na televisheni haina pa kuchomeka gemu. Ndiyo maana mtu wa rika langu aliyekulia Magomeni akikutajia gemu za utotoni mwake anataja Mario na Contra, halafu ukimuuliza ilikuwa mwaka gani anakwambia 1996, 1997. Kazi za miaka ya 1980 tulizicheza miaka ya 1990, na za miaka ya 1990 tukazicheza mpaka 2005. Hapa nitazipanga kwa mwaka zilipotengenezwa, ila uzito nitazipa kwa jinsi zilivyotufikia na zinavyoweza kutumika leo katika nyumba kama ya Tandika.

Miaka ya 1980: kaseti

Kile kimashine chepesi cha plastiki chenye pedi mbili ni nakala ya Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983. Kaseti yake inaandikwa "9999 ndani ya 1", ukifungua orodha unakuta gemu zisizofika ishirini zinazojirudia kwa majina tofauti. Hata hivyo hizo chache ni dhahabu. Super Mario Bros. nzima, hatua zake 32, muziki na maadui wote, inakaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa WhatsApp mara nyingi inazidi hapo. Watengenezaji walibanwa, na kubanwa kukawatia akili: wingu la juu na kichaka cha chini kwenye Mario ni mchoro uleule mmoja, rangi tu imebadilishwa. Na hatua ya kwanza inamfundisha mtoto bila maandishi. Kidubwana cha kwanza kinamjia, akisimama anakufa, akiruka anakikanyaga, na tayari ameshajua gemu yote inataka nini. Shigeru Miyamoto na wenzake walifanya kazi ambayo mtoto wa miaka mitano asiyejua kusoma, wala Kiingereza, anaielewa ndani ya dakika moja. Tetris, aliyoianzisha Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, ni hivyohivyo: maumbo saba tu, na bibi mwenyewe anaweza kuicheza.

Tatizo la enzi hii ni ukali wake. Gemu nyingi zilirithi tabia za mashine za sarafu, zile ambazo mchezaji asipokufa haraka mwenye mashine hapati hela. Zikaja nyumbani na ukali uleule: roho tatu, zikiisha unarudi mwanzo, na nyingi hazihifadhi ulipofikia. Contra ya mwaka 1988 tuliimaliza kwa sababu kaka mmoja wa mtaani alitufundisha ile siri ya kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ukapata roho 30. Siri hiyo ilianza na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami mwaka 1986, alipokuwa akiiandaa gemu ya Gradius kwa mashine ya nyumbani na kuiona ngumu kwake mwenyewe. Aliyeitengeneza naye aliona haimalizwi! Kutoka ofisi ya Japani mpaka uchochoro wa Magomeni, bila intaneti, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Kila nikilikumbuka jambo hilo nasisimka.

Kwa mtoto wa miaka minne hadi saba, hakuna enzi bora kuliko hii. Kwa wakubwa wake haitoshi mwezi mzima wa likizo.

Miaka ya 1990: kila kitu kilibuniwa

Ukinipa karatasi niandike muongo uliokuwa na ubunifu mwingi kuliko yote, nitaandika huu bila kusita. Mwaka 1991 Street Fighter II ikaweka misingi ya gemu za ngumi ambayo inafuatwa mpaka leo. Desemba 1993 Doom ikafanya hivyo kwa gemu za bunduki za kuona kwa macho ya mhusika. Halafu ukaja ugomvi ulioleta PlayStation. Sony na Nintendo walikuwa wameshakubaliana kutengeneza kifaa cha CD kwa ajili ya mashine ya Nintendo, na mwaka 1991 Nintendo wakajitoa, wakaenda kwa Philips. Ken Kutaragi wa Sony hakuiacha kazi ife. Desemba 1994 mashine yao wenyewe ikaingia sokoni Japani.

Jambo lililotugusa sisi ni ile CD. Kaseti za mashine mpya ya Nintendo, ile ya mwaka 1996, hazikuzidi megabaiti 64. CD ilibeba karibu 650, na kuitengeneza ilikuwa rahisi sana. Ilikuwa rahisi pia kuichoma nakala. Tusifiche: gemu nyingi tulizocheza Dar zilikuwa CD za kuchoma kwenye mashine zilizotiwa chipu ya kuzikubali nakala, na waliozitengeneza hawakupata hata senti yetu. Silifurahii. Lakini ndiyo njia gemu zilipitia kuingia Manzese na Temeke, na historia ya gemu katika jiji hili haiwezi kuandikwa bila kuitaja.

Angalia ilivyokuja kwa mkupuo. Mwaka 1996: Super Mario 64, Crash Bandicoot, Resident Evil. Mwaka 1997: Final Fantasy VII katika CD tatu, Gran Turismo, na kwenye simu ya Nokia 6110 ile Snake ya Taneli Armanto ambayo baadaye ikakaa mifukoni mwa nchi nzima. Mwaka 1998 peke yake: Ocarina of Time, Metal Gear Solid, Half-Life, StarCraft, na Tekken 3 ya PlayStation. Sidhani kama kuna mwaka mwingine unaokaribia hapo.

Metal Gear Solid nina jambo lake. Kuna adui anayedai kwamba anasoma mawazo yako. Anaisoma memori kadi yako, kile kikadi kinachohifadhi ulipofikia, na kukutajia gemu nyingine unazocheza. Humpigi, kila unachofanya anakijua. Njia ni kuichomoa pedi yako na kuichomeka tundu la pili. Nilikuwa kwa rafiki yangu Kinondoni siku tuliyoligundua hilo, usiku, sauti imepunguzwa wazazi wasiamke. Tulitazamana tu. Mpaka leo gemu chache sana zimenifanya nihisi kwamba aliyeitengeneza alikuwa anazungumza na mimi niliyekaa kwenye mkeka.

Na Tekken 3! Kwenye banda la gemu ndiyo iliyokuwa mahakama ya mtaa. Sheria ilikuwa moja, ukipigwa unapisha. Kulikuwa na mabanda yaliyompiga marufuku Eddy, yule wa kapoera, kwa sababu mtoto aliyeshika pedi leo angeweza kubonyeza vitufe vya mateke ovyo na kumtoa bingwa wa wiki nzima.

Kasoro zipo mbili, na kwa mnunuzi wa leo ni kubwa. Picha za kwanza za 3D zimezeeka vibaya, nyuso ni za pembepembe na kamera inakukimbia, kiasi kwamba Mario ya 1985 inapendeza machoni kuliko nyingi za mwaka 1996. Ya pili ni lugha. Gemu nzuri za hadithi za enzi hii zimejaa maandishi ya Kiingereza au Kijapani, na nyingi hazina sauti ya kukusaidia. Final Fantasy VII ni kama riwaya nene. Mwenye Kiingereza cha kidato cha kwanza ataishia CD ya kwanza.

Miaka ya 2000: mashine moja, mtaa mzima

PS2 ilitoka Japani Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwisho wa 2012. Sony wanasema ziliuzwa zaidi ya milioni 160, na hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyowahi kufika huko. Kulikuwa na sababu ambazo familia ya Dar inazielewa haraka. Ilicheza DVD, kwa hiyo baba aliyekataa kununua gemu alinunua deki. Ilicheza karibu gemu zote za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo CD zako za zamani hazikutupwa. Na gemu ilikuwa imekamilika ndani ya diski: unaiweka, inawaka, unacheza. Haidai intaneti, haidai akaunti, haikuombi usubiri ipakue kitu.

Hapo ndipo mabanda yalipochanua. Chumba kimoja cha mbele, televisheni nne za chogo, mabenchi, feni moja inayosukuma joto kutoka kona hii kwenda ile, na mwenye banda akiwa na daftari la kuandika nani amelipa mechi ngapi. Winning Eleven, gemu ya mpira, ndiyo ilikuwa mfalme, wengine wakiiita PES kwa jina la Ulaya. Aliyemchukua Adriano wa Inter kwenye toleo la 2006 alikuwa anachokoza ugomvi, maana shuti la mguu wake wa kushoto lilikuwa halidakiki. Mwaka huohuo ukame ulikausha mabwawa ya kufua umeme, mgao ukawa mkali, na mabanda yenye jenereta yalijaa mpaka watoto wakachungulia dirishani. Nilijifunza pale kusubiri zamu yangu, na nilijua wavulana wa mitaa mitatu ambao nisingekutana nao kwa njia nyingine.

Na si mpira tu. Smackdown: Here Comes the Pain ya 2003, gemu ya mieleka, inachezwa na watu wanne ukiwa na kigawio cha pedi. Tekken 5 ya 2005 ilikuwa na utamu wa Tekken 3 na picha ambazo hata leo zinatazamika. Need for Speed Most Wanted, 2005. God of War, 2005, ambayo watu walikuja kuangalia tu kama wanavyoangalia filamu. San Andreas ya Oktoba 2004, miji mitatu na mashamba katikati, kijana CJ anarudi nyumbani baada ya mama yake kuuawa. Si gemu ya watoto, matusi na mauaji ni mengi, na kwa nyumba ya bibi nimesema isiingie. Lakini ndiyo iliyotufunulia kwamba gemu inaweza kukupa dunia na kukuacha utembee. Kuna waliokaa humo miezi bila kumaliza misheni tano.

Jambo moja la muongo huu Waswahili wengi hawalijui, na ningependa walijue. Gemu ya kompyuta Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguliwa na wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", sala ya Bwana iliyotungiwa muziki na Christopher Tin. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kati ya gemu zote za dunia, iliyofungua mlango huo iliufungua kwa lugha yetu.

Upungufu wa miaka ya 2000? Mwishoni watengenezaji walianza kunakiliana, kila mtu akitaka San Andreas yake au gemu ya vita ya rangi ya kahawia. Memori kadi ya megabaiti 8 inajaa, na ikipotea, maendeleo ya watoto sita yamepotea pamoja nayo. Pia ukiitafuta PS2 leo unanunua mashine iliyochoka, nami nitalirudia hilo chini.

Miaka ya 2010: hadithi kubwa, mlango umefungwa

Nitawatendea haki. Kwa mtu mzima anayekaa peke yake usiku akitaka hadithi, huu ndio muongo bora. The Last of Us ya 2013, The Witcher 3 ya 2015, Red Dead Redemption 2 ya 2018: uandishi, uigizaji na mazingira ya namna hiyo hayakuwezekana zamani. Minecraft, iliyokamilishwa 2011, imemfanya kila mtoto kuwa fundi ujenzi, na mauzo yake yamepita milioni 300. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar Julai 2009, bando zikashuka bei taratibu, na kufikia 2018 kijana wa Mbagala asiye na televisheni wala PlayStation alikuwa anacheza Free Fire na PUBG kwenye simu dhidi ya watu wa nchi nyingine. Hilo si dogo. Simu imewapa gemu watu wengi kuliko banda lolote.

Lakini mashine zenyewe zilibadilika tabia. Ukiweka diski ya PS4, kwanza inajinakili ndani, kisha inadai sasisho la gigabaiti kadhaa, na bando la wiki limekwisha kabla refa hajapuliza. Gemu za watu wawili kwenye kioo kimoja zikapungua, mwenzako akahamia upande wa pili wa intaneti. Gemu za mpira zikaanza kuuza pakiti za wachezaji usizojua ndani kuna nani. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa hela halisi ni kamari kisheria, na EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA, ikaacha kuuza pointi zake huko mapema 2019. Mimi nakubaliana na Wabelgiji. Mtoto mwenye namba ya siri ya simu ya mama yake asiachwe peke yake na gemu hizo.

Miaka ya 2020 bado haijaisha na bei zake ziko mbali na mchango wa watoto sita, kwa hiyo sitaipima. Nitataja moja tu: Tales of Kenzera: Zau ya Aprili 2024, gemu inayotokana na simulizi za Kibantu, unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipomsikia mhusika akizungumza nilisimamisha gemu nikaanza upya, ili nisikie tena.

Basi, mpwa wangu achukue ipi

Chukueni PS2. Kwa ubunifu miaka ya 1990 inaishinda miaka ya 2000, nalisema wazi, lakini PS2 inawapa yote mawili kwa hela moja: Tekken 3 na Crash mnazicheza humohumo. Ina matundu mawili ya pedi, na sita wakigawana zamu hakuna anayekaa zaidi ya dakika kumi bila kucheza. Haitagusa bando la mtu. Na televisheni ya bibi imeshakata shauri: PS4 inatoa picha kwa HDMI peke yake, chogo haina tundu hilo, ila ina yale matatu ya njano, nyeupe na nyekundu ambayo PS2 imetengenezewa. Picha za zamani zinapendeza zaidi kwenye chogo kuliko kwenye kioo bapa.

Mwenye watoto wadogo pekee, wa chekechea, achukue ya kaseti asihangaike. Anayeishi peke yake Sinza na ana kioo bapa na intaneti ya uhakika, achukue PS4, aanze na The Last of Us ile iliyoboreshwa. PS3 nayo haina ubaya, inachomeka kwenye chogo, ila si zote zinazosoma diski za PS2, na muuzaji hatakwambia.

Jumamosi tunakwenda wote. Nimemwambia aje na diski mbili, moja ya CD na moja ya DVD, kwa sababu lenzi ya PS2 iliyochoka mara nyingi husoma aina moja na kukataa nyingine, na duka litakuonyesha ile inayosoma. Tutaiacha iwake nusu saa palepale dukani tuone kama inapata joto na kuganda. Tutajaribu kila kitufe cha pedi zote mbili, hasa vijiti, maana kijiti kilicholegea kinamfanya mchezaji atembee peke yake. Tutahifadhi gemu kwenye memori kadi, tuzime, tuwashe, tuone kama ipo. Diski ya CD atakayokuja nayo ni Tekken 3 yangu, ameshaichukua kabatini.

"Na Eddy anaruhusiwa, mjomba?" ameniuliza.

Anaruhusiwa.